Pembe za Sarafu

Chupa aliiweka chini ya kiti, upande wa breki,
chupa ya soda isiyo na soda.
Toka Jaro hadi Molo hakuna choo cha dereva,
na abiria kumi na wanane hawangojei kibofu cha mtu.
Mimi mkewe, mpokea nauli, nilitazama nje
kila aliponiambia, "Ludivina, tazama nje."

Wa kwanza kumpima walikuwa sisimizi.
Walipanda kwa mstari mwembamba, wenye adabu,
wakaizunguka chupa kama walioalikwa.
Nikasema: Teopisto, sisimizi hawafuati chumvi.
Akasema: Kwani umesahau kuwa mimi mtamu?
Akacheka, akatia gia.

Usidhani hakuambiwa.
Koo lilimwambia, lililomaliza lita tatu kabla ya adhuhuri.
Kisigino kilimwambia, kwa kidonda kilichokataa kufunga
tangu Pasaka.
Dada yake alimwambia kwa simu kutoka Dubai:
nakutumia hela, nenda.
Hela zikaja. Tukanunua tairi.

Crescencio naye alimwambia, bila kufungua kinywa.
Alikuwa akiendesha gari la nyuma yetu;
siku hizi huketi kituoni kuhesabu magari ya wenzake,
mguu mmoja wa suruali umekunjwa, umebanwa kwa pini.
Siku ile nilidhani, sasa ataenda.
Kumbe woga humkimbiza mtu, lakini haumwambii wapi.
"Wakiniona nao," alisema, "leseni wataikalia."

Halafu kituo cha afya hufunguliwa saa mbili,
saa ambayo wanafunzi wamejaa hadi kwenye ngazi.
Foleni moja pale ni mizunguko minne hapa.
Mizunguko minne ni nusu ya hesabu ya tajiri,
na Bi Perpetua, mwenye gari,
hajui ugonjwa mwingine
ila upungufu.

Basi kilichompeleka si maumivu.

Julai mjukuu wetu alipata surua, nikabaki nyumbani.
Kwenye jipni nauli husafiri kwa mikono,
muuza samaki ampe mwanafunzi, mwanafunzi ampe fundi,
hadi ifike begani kwa dereva.
Peso moja ni duara. Peso tano ina pembe.
Zote nyeupe, ukubwa karibu sawa;
dereva huzitenga kwa kidole gumba
macho yakiwa barabarani.

Jioni nikahesabu: pungufu sitini na mbili.
Kesho yake, themanini.
Siku ya tatu nikauliza jina la mwanamke.
Tuligombana mpaka jirani akazima redio yake apate kusikia vizuri.

Usiku umeme ulikatika.
Nikachukua mkono wake gizani,
nikamwekea sarafu mbili kiganjani.
"Ipi tano?"
Akazigeuza. Akazigeuza tena.
Nilisikia zikigongana, nikasikia pumzi yake,
nikasikia miaka ishirini na miwili ya barabara ileile
ikitafuta pembe.
"Zote moja," alisema.
Zote zilikuwa tano.

Asubuhi tulipakia kama kawaida.
Mbele ya kituo cha afya akapunguza mwendo, akasimama,
na yeye ambaye maisha yake yote huambiwa na wengine
"Lugar lang," nishushe hapa,
akalisema mwenyewe, polepole,
akiuambia usukani.
Abiria wakagonga paa kwa sarafu zao.
Mmoja alidai nauli yake. Nikamrudishia.

Namba yetu ilikuwa arobaini na saba.
Kisigino kikavuja kwenye kandambili.
Alitaka kuondoka walipofika ishirini;
nilikuwa na ufunguo wa gari kifuani.

Muuguzi, binti mdogo, kucha zimepakwa rangi ya zambarau,
akamshika kidole, akamwambia, "Utasikia kama mwiba,"
akamchoma.

Hakushtuka.
Nilishtuka mimi.